Wimbo wa Simu Isiyo na Betri

Swali lililoninyima usingizi ni dogo, nawe ukilisikia huenda ukacheka: mtoto wa miaka tisa akisema jambo la kweli, na ukweli huo ukamvunja mtu, kosa ni la nani? Tangu nirudi Jinja, kwetu Uganda, kutoka Italia, mwezi mzima, nililigeuza swali hilo kama mtu anayegeuza chapati asiamini kwamba imeiva. Nililigeuza nikipiga pasi, nikijaza fomu za kazi, hata nikiswali, Mungu anisamehe. Asubuhi moja mama yangu alinitazama nikikoroga chai iliyokwisha kupoa, akasema, "Hiyo sukari iliyeyuka zamani, we mtoto. Unatafuta nini humo?"

Nikainywa vivyo hivyo, baridi. Ningeanza kumweleza ningeanzia Padova, huko Italia, na kabla ya kufika mwisho ningemkuta kijana mmoja ameketi kwenye mkeka huko Mbale.

Acha nianzie Padova basi, maana huko ndiko swali lilikoamkia. Nilikwenda kwa kozi ya wiki tatu, safari niliyoiomba kwa kuandika barua moja mara kumi na tisa. Ni mji wa zamani sana, na mtaa wa wanafunzi umekaa katikati yake. Karne kwa karne vijana wamepanga vyumba mle, wakasoma, wakahama, wakaja wengine. Nyumba zimekaa juu ya nguzo, nawe unapita chini yake kama unayepita kwenye baraza lisilokwisha, mvua inyeshe isinyeshe. Masomo yakiisha saa kumi nilitoka kutembea, kwa kuwa chumbani nilikuwa nafikiri na nje nilidhani sitafikiri.

Kitu cha kwanza nilipotea. Jinja ukipotea unauliza ziwa liko upande gani. Mbale huna haja ya kuuliza: unainua macho, mlima Wanale ule pale, na anayekuelekeza husema, "Upe mlima mgongo, teremka mpaka mashine ya kusaga." Padova ni tambarare kama sinia. Sikuwa na kitu cha kukipa mgongo. Nilipita mbele ya duka moja la mikate mara nne, na mara ya nne mwenye duka akanipungia mkono kama jirani.

Katika kuzunguka huko ndipo nikaona zile karatasi. Zilibandikwa kwenye nguzo na kuta, kubwa kama shuka la mtoto, kila moja ina picha ya kuchora ya kijana mwenye kichwa kikubwa na maandishi mengi pembeni. Nilidhani ni za uchaguzi. Siku ya pili nikakuta umati umemzunguka kijana mmoja aliyevishwa taji la majani, na gauni la kike juu ya suruali yake, anasoma karatasi yake kwa sauti. Kila akikwama walimnywesha kitu, na kila aya ilileta kicheko. Mama yake alikuwa kando, anacheka mpaka anafuta macho, huku mkono mmoja ukimwekea mwanawe sawa taji lisianguke.

Mwenzangu wa darasa, msichana wa pale pale, alinieleza. "Amemaliza chuo leo. Hiyo ni aibu yake yote tangu azaliwe. Lazima aisome mwenyewe."

"Nani amewapa siri zake?"

"Marafiki zake. Nani mwingine?"

"Na wakiandika jambo la kumuumiza?"

Alinitazama kama niliyeuliza kama maji yanalowesha. Akanivuta hadi kwenye ukuta, akaweka kidole chini ya karatasi moja. "Walioandika wameweka majina yao hapa. Akiumia, anajua mlango wa kugonga."

Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Umati ukaondoka, mwenzangu akaondoka, mimi nikabaki nasoma majina ya watu nisiowajua. Maana mchezo ule haukuwa mgeni kwangu. Nilikulia ndani yake.

Bibi yangu alikuwa na nyumba ndefu ya mabati Mbale, karibu na chuo, yenye vyumba sita vya wanafunzi na uani mmoja. Likizo zote za shule nilipelekwa kwake kutoka Jinja. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudani zamani, na bibi aliwatawala wale vijana kwa Kiswahili cha kambini alichorithi kwa baba yake. "Afande wa chumba cha tatu!" angeita alfajiri. "Kitabu kinasomwa na aliyeoga!" Nao walimwita Hajjati, wakamwogopa, wakampenda kwa sababu ya gurusa, ile mikate yake laini ya duara aliyoichoma kwenye kikaango cheusi kabla jua halijatoka nyuma ya mlima. Nakumbuka harufu yake ikichanganyika na moshi wa makaa mabichi. Nakumbuka sauti ya ndara sita zikikimbilia bafu moja. Kazi yangu ilikuwa kufagia uani, kuchambua mchele, na siku ya soko kubeba malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa ambayo bibi aliyapika kwa karanga japokuwa si chakula cha kwao. "Ukikaa kwa watu," alisema, "tumbo lako lijifunze salamu."

Mwanafunzi akimaliza chuo, bibi hakumpa zawadi. Alimwimba. Wanawake wa Kinubi wa mtaa mzima walikuja na doluka, ngoma yao ya udongo, na jirani wa nyumba ya pili ndiye aliyeipiga. Kijana aliketishwa mkekani katikati ya uani, wazazi wake wakapewa viti, na nyimbo zikaanza, Kinubi kimechanganywa na Kiswahili ili wageni waelewe. Zilikuwa nyimbo za kumcheka. Aliyechukua miaka saba kumaliza kozi ya miaka mitatu aliimbiwa kwamba chuo kilitaka kumwoa. Mwingine aliyekuwa akijihutubia kwenye kioo akinyoa ndevu aliimbiwa, "Mheshimiwa, povu limekauka, wananchi wamelala." Sharti lilikuwa moja: usiinuke mpaka wimbo uishe. "Anayechekwa ameketi huinuka mwepesi," bibi alisema. Nami niliwaona kwa macho yangu wakiinuka wepesi, wanacheka, wanakumbatiwa, wanakula.

Sasa jiulize, wanawake wale walijuaje mambo ya kioo na povu? Walikuwa na sikio lao. Sikio lilikuwa mimi. Mtoto mwenye ufagio hakuna anayemwona. Wiki moja kabla ya sherehe bibi aliniita, akanipa gurusa ya moto yenye asali, akaniuliza, "Haya, afande wangu, lete ripoti."

Mwaka niliokuwa na miaka tisa kulikuwa na kijana kutoka Masese, kule mwaloni Jinja, ufukweni wanakoanika samaki. Mama yake aliuza mukene, dagaa wa ziwa letu. Kwa vile nami nilitoka Jinja, aliniita mtu wa kwetu, na aliniachia ukoko wa wali wake. Alikaa chumba kimoja na kijana mmoja mpole, aliyefanya useremala wakati wa likizo, na hao wawili walikuwa kama kidole na kucha. Kila jioni kijana wa Masese alitoka uani na simu, akazungumza kwa sauti na mjomba wake wa Ulaya. "Ndiyo, mjomba. Nikimaliza tu. Tiketi? Sawa, mjomba." Tulinyamaza sote kumpisha. Hata bibi alishusha sauti ya redio.

Siku moja alikwenda kuoga, mwenzake yuko msikitini, nami nikaingia kufagia chumba chao. Simu ilikuwa juu ya kitanda. Niliifungua kifuniko cha nyuma kwa udadisi tu, nione Ulaya inakaa wapi. Hapakuwa na betri. Palikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa vizuri, kimepachikwa pale ili isiwe nyepesi mkononi.

Nilikimbia kwa bibi nikiwa nimebanwa na kicheko. Bibi naye alicheka mpaka akashika ubavu. Laiti mmoja wetu angesita. Yeye alidhani ni mzaha wa kijana kwa wenzake, kama wa kioo na povu. Mimi sikudhani lolote, nilikuwa na asali kwenye vidole.

Siku ya sherehe mama yake alikuja kutoka Masese na wanawake wanane wa mwaloni, wameshona sare ya kitambaa kimoja. Walileta samaki wa kukaushwa kwa moshi, kikapu kizima. Alimwambia kila aliyempa kiti, "Huyu wangu anakwenda Ulaya. Mjomba wake yuko tayari." Doluka ikaanza. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa soksi, wa pili wa kupenda ukoko. Wa tatu bibi mwenyewe ndiye aliyeongoza:

Bwana mkubwa anapiga Ulaya,
Ulaya haiitiki.
Fungua nyuma, we bwana mkubwa,
betri ameila nani?

Uani mzima uliangua kicheko. Wanawake wa mwaloni walicheka pia, mwanzoni, kisha mmoja wao akamgeukia mama wa kijana, na mwingine, mpaka wote wanane wakawa wanamtazama yeye. Aliendelea kutabasamu. Tabasamu lile halikuwa na mahali pa kwenda. Kijana alimtazama mama yake, akamtazama mwenzake wa chumba, akainuka. Alitoka na viatu mkononi. Ngoma iliendelea kidogo peke yake, kwa mazoea, ndipo jirani naye akaona.

Hakurudi hata kuchukua godoro. Bibi aliipindua doluka uso chini, na mwaka mzima haikugeuzwa. Alituma sukari na sabuni Masese kwa mkono wa dereva, kama watu wazima wanavyofanya wasipotaka kuyataja mambo. Mimi hakuna aliyenilaumu. Hakuna hata aliyenitaja. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kufikiri mara tatu kabla ya kusema habari za asubuhi.

Nilipomaliza chuo, miaka miwili iliyopita, bibi alitaka kunikalisha mkekani. Nikamwambia tusubiri nipate kazi. "Mimi siimbi kazi," akasema, "naimba mtu." Nilimpiga chenga, na naendelea kumpiga chenga. Sasa nyumba ile ndefu ni ghala la saruji, bibi amebaki na vyumba viwili vya mbele. Wanafunzi wanakaa kwenye hosteli za ghorofa zenye mageti ya chuma, na siku ya kumaliza wanakodi joho, wanapiga picha, basi. Wanawake wa doluka wamekwisha mmoja mmoja. Jirani mpiga ngoma amebaki, ila mikono inamtetemeka. Nilipokwenda mara ya mwisho nilitafuta uani ule kwa macho nikaona matoroli. Harufu ya gurusa huipati hata ukisimama pale palipokuwa na jiko. Ni vumbi la saruji tu, linakauka puani.

Basi hilo ndilo nililorudi nalo kutoka Padova. Niliandika kwenye simu yangu sababu kumi na moja za kutokwenda Masese. Huenda amesahau. Huenda mama yake amefariki. Huenda nitafumua jeraha lililopona, na kwa faida ya nani, yake au yangu? Huenda nataka tu kusamehewa nilale, jambo ambalo nalo ni ubinafsi. Kila nikizisoma ziliongezeka. Kisha nikakumbuka kidole cha yule msichana chini ya karatasi, nikaona kwamba wimbo wetu haukuwa na jina la mtu aliyeweza kugongewa mlango. Jumatatu, baada ya chai, nilivaa viatu nikaenda.

Mwaloni Masese jua lilikuwa kali na mukene wameanikwa kwenye nyavu mpaka njiani. Wanawake waliniona kabla sijawaona. "Huyo ni wa kura," mmoja akasema. "Wa kura gani? Huyo ni wa miradi, ona viatu." Nikamwulizia mama wa yule kijana, nikaonyeshwa. Alikuwa amezeeka, mwembamba, anageuza samaki kwa ufagio mpya.

"Asalam alekum, mama."

"Alekum salaam. Unataka kopo ngapi?"

"Sikuja kununua."

"Basi unasimama kwenye jua langu."

Nikasogea. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa Hajjati wa Mbale, yule aliyekuwa akikalisha wanafunzi. Aliendelea kugeuza samaki mpaka mwisho wa wavu, akarudi.

"Hajjati alileta sukari," akasema. "Sabuni nilifulia. Sukari niligawia watu. Sukari haina mdomo, mwanangu. Mimi nilikaa hapa nasubiri mtu."

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kutangulia, nikayasahau yote. Nikasema ni mimi niliyeifungua simu, nikampelekea bibi habari.

Hakunifokea. Alikasirika kwa namna ya mtu ambaye hasira yake imekaa muda mrefu mpaka imejifunza adabu. "Sasa unaniambia mimi kwa nini? Mimi walinicheka tu, na hawa hawa walionicheka ndio nauza nao. Aliyekaa mkekani ni yeye. Yuko Busiu, anafundisha hesabu. Unapajua Busiu?"

"Napajua, mama."

"Nenda. Na usiseme nimekutuma. Sema umekuja."

Ukitoka Jinja kwenda Mbale, watu wenye akili hukata kushoto baada ya Iganga, wakapita Tirinyi, wakafika mapema. Busiu iko kwenye njia ile nyingine, ndefu, ya kuzungukia Tororo. Njia panda gari nililopanda siku hiyo hiyo lilisimama kushusha watu, na nusu ya moyo wangu ikashuka nao. Ningeweza kupita Tirinyi, nikamsalimia bibi, nikafikiri siku mbili. Nilibaki kwenye kiti.

Busiu nilifika saa nane. Mahindi yalikuwa yameanikwa kando ya lami, shule iko nyuma ya migomba. Alitoka darasani na chaki mkononi, amenenepa kidogo, kipara kimeanza.

"Wewe ni mtoto wa Hajjati," akasema. "Macho hayajakua."

"Mwalimu, nimekuja kusema jambo. Ile simu, mimi ndiye niliyeifungua. Nilikuwa nafagia. Nikamwambia bibi."

Nilijiandaa kwa mambo yote niliyoyafikiria: akinifukuza, akicheka, akisema hakumbuki. Aliuliza neno moja tu.

"Si mwenzangu wa chumba aliyekuambia?"

"Hapana. Yeye alikuwa msikitini. Hakujua."

"Una hakika?"

"Nilikuwa peke yangu, mwalimu. Hata bibi nilimnong'oneza sikioni."

Akakaa kwenye ngazi ya darasa. "Mimi nilijua ni yeye," akasema. "Nani mwingine angejua? Mjomba alikuwepo, alipiga mara moja tu, akapotea. Mama alikuwa amekwisha kutangaza mwaloni wote. Ningefanyaje? Nilifikiri huyu tunalala chumba kimoja, ameiona, ameniuza. Alikuja hapa, bwana. Mara mbili. Mara ya pili alikuja na mke wake kuniomba nisimame naye kwenye nikahi ya mdogo wake. Nilimwacha hapo ulipo wewe, nikaingia darasani, nikafundisha hesabu za sehemu."

Sababu kumi na moja, usiku ngapi sijui, na hili halikunipitia kichwani hata mara moja. Nilikuwa nimemfikiria aliyeinuka, nimejifikiria mimi kupita kiasi, na mtu wa tatu alikuwa amebeba jina langu miaka yote hiyo bila kujua.

"Yuko Namatala, hapo Mbale," mwalimu akasema. "Ana karakana ya vitanda. Nikimwambia mimi, atadhani nimetunga ili nimrudie. Utasema tena, mbele yake?"

"Nitasema."

"Lini?"

Mimi ni mtu wa kuomba siku mbili. Hata nikiulizwa soda gani, naomba siku mbili. Nilifungua mdomo na siku mbili zilikuwa tayari ulimini.

"Sasa hivi," nikasema.

Aliingia darasani, akawapa watoto maswali sita ubaoni, akamwomba mwalimu wa chumba cha pili awaangalie. Akatoka amevaa koti lake. Tulivuka barabara pamoja, tukasimama upande wa magari ya Mbale.